Cheo cha umeneja hakifuti malipo ya saa za ziada

Kila mwisho wa mwezi, katika ofisi nyingi za Tanzania Bara, mhasibu wa mishahara hufungua orodha mbili. Ya kwanza ni ya wanaolipwa saa za ziada. Ya pili ni ya "wasiohusika na ovataimu": mameneja, wasimamizi, maofisa, wahasibu, wanasheria, madereva wa wakurugenzi, na kila mtu aliyeambiwa siku ya kusaini mkataba kwamba mshahara wake "umejumuisha kila kitu". Orodha hiyo ya pili ndiyo nataka tuizungumze, kwa sababu katika sehemu nyingi ni ndefu kuliko sheria inavyoruhusu. Watu wanafanya kazi hadi usiku, Jumapili wanaitwa, sikukuu wanaitwa, na hawalipwi kwa sababu tu kitambulisho walichovaa shingoni kimeandikwa meneja.

Sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo ni Sura ya 366 ya sheria zetu, haitaji cheo wala kiwango cha mshahara inapoeleza nani anakosa haki ya saa za ziada. Inatazama mambo mawili tu: mtu anafanya nini, na anaripoti kwa nani.

Tuanze na saa zenyewe. Kifungu cha 19 kinaweka mipaka ya saa za kawaida: siku sita kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa tisa kwa siku. Mipaka hii mitatu inafanya kazi kwa pamoja, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mfanyakazi aliyefanya kazi saa 10 kwa siku nne ana jumla ya saa 40 tu kwa wiki, kwa hiyo mhasibu anaona hajafika 45 na hamlipi ziada. Lakini kila siku amevuka saa tisa, na kama hakuna makubaliano ya maandishi ya wiki iliyobanwa, ambayo nitayaeleza baadaye, ana saa nne za ziada anazostahili kulipwa. Tena 45 ni kikomo cha juu. Kama mkataba wako unasema wiki yako ni ya saa 40, saa zako za kawaida ni 40, na ziada inaanza pale.

Zikivuka hapo, kila saa inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Nusu hiyo ya juu haikuwekwa kama bakshishi ya kumpoza aliyechoka. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani na ulitaka nyongeza isiyopungua robo ya ujira. Marekani ilipopitisha sheria yake ya viwango vya kazi mwaka 1938, ikiwa bado imekabwa na ukosefu wa ajira, ilikwenda hadi nusu. Hesabu ilikuwa wazi: kama saa ya kumi ya mfanyakazi mmoja ni ghali kuliko saa ya kwanza ya mwingine, mwajiri mwenye akili ataajiri mtu wa pili. Nyongeza hii ni breki. Imekusudiwa kumuuma kidogo anayepanga ratiba ili apange vizuri zaidi. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini msamaha wa saa za ziada lazima uwe mwembamba: unamfaa yule anayepanga ratiba, wala si yule anayepangiwa.

Sasa msamaha wenyewe. Kifungu cha 17 kinasema kanuni za saa za kazi hazimhusu mfanyakazi anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na ambaye anaripoti moja kwa moja kwa mtendaji wa ngazi ya juu. Mtendaji wa ngazi ya juu naye amefafanuliwa katika kifungu cha 9: ni mtu ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na ana mamlaka ya kuingia mikataba ya hali bora na vyama vya wafanyakazi kwa niaba yake. Sifa zote mbili lazima ziwepo. Anayetunga sera bila uwezo wa kufunga mkataba na chama hajatimia.

Chukua duka kubwa la vyakula lenye matawi Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Katika tawi moja yupo dada anayeitwa meneja wa zamu. Anafika saa 2 asubuhi, anagawa funguo za droo za fedha, anapanga nani akae kaunta ipi, anapokea mkate na maziwa, anasuluhisha ugomvi wa mteja na mpakiaji, na jioni anahesabu fedha na kila mhudumu wa kaunta hadi saa 2 usiku, wakati mwingine hadi saa 3 droo ikipungua. Anasimamia watu, hilo halina ubishi. Lakini anaripoti kwa nani? Kwa meneja wa tawi. Meneja wa tawi anaripoti kwa meneja wa kanda. Meneja wa kanda ndiye anayeripoti kwa mkurugenzi mtendaji, ambaye ndiye mwenye kutunga sera na kusaini mkataba wa hali bora. Kwa maneno ya sheria, msamaha unaanzia kwa meneja wa kanda. Huyu dada wa zamu anastahili saa za ziada. Na hili huwashtua waajiri wengi ninapolisema: hata meneja wa tawi anastahili, maadamu bosi wake wa moja kwa moja si mtendaji wa ngazi ya juu kwa maana ya kifungu cha 9.

Geuza upande wa pili. Mwanasheria wa kampuni anakaa ofisi ya jirani na mkurugenzi, anaripoti kwake kila asubuhi, na mshahara wake ni mkubwa kuliko wa meneja wa tawi. Lakini anafanya kazi peke yake, hasimamii mtu yeyote. Sharti la kwanza limekosekana, kwa hiyo naye yumo kwenye ulinzi wa sheria. Vivyo hivyo mkaguzi wa ndani asiye na wasaidizi, mhandisi wa mitambo anayeitwa mtaalamu mwandamizi, na katibu muhtasi wa mkurugenzi, ambaye pengine ndiye mtu anayeondoka ofisini wa mwisho kuliko wote.

Hapa ndipo mikataba ya kunakili inapoleta madhara. Mashirika ya kimataifa na kampuni zenye makao makuu nje huleta nyaraka zao zikiwa tayari, na nyingi zimeandikwa kwa kufuata sheria ya Marekani. Kule kuna msamaha kwa watendaji, kwa wenye kazi za utawala na kwa wanataaluma, na kwa kawaida mtu hasamehewi mpaka alipwe mshahara wa kudumu usiopungua kiwango fulani. Kiwango hicho sasa ni dola 684 kwa wiki. Serikali yao ilijaribu kukipandisha mwaka 2024, na mahakama ya shirikisho huko Texas ikabatilisha kanuni hiyo Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo Mmarekani mwenye shahada ya uhasibu na mshahara mzuri anaweza kabisa kuwa nje ya saa za ziada kihalali. Mhasibu wa Arusha anayefanya kazi ileile kwa shirika lilelile hayumo nje, kwa sababu sheria yetu haina msamaha wa wanataaluma wala wa wenye mishahara mikubwa. Ukikuta kipengele cha namna hiyo kwenye mkataba uliosainiwa Arusha, kimepotea njia. Viwango vya ajira vilivyowekwa na sheria ni sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi. Mkataba unaweza kumpa zaidi. Kumpa pungufu unaruhusiwa pale tu ambapo sheria yenyewe imefungua mlango.

Kuna jambo lingine ambalo mwajiri anayemwita mtu "asiyehusika" huwa halifikirii. Kifungu cha 17 hakiondoi malipo ya ziada peke yake. Kinaondoa sehemu nzima: ukomo wa saa 12 kwa siku, nyongeza ya usiku, mapumziko ya saa moja, mapumziko ya wiki, malipo ya sikukuu. Kumwandika mtu kwenye orodha ile ni kumnyang'anya Jumapili yake na usingizi wake pia. Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote tabia ya kugawa vyeo vya umeneja kama peremende ili kupunguza gharama za mishahara.

Misamaha mingine nitaipitia kwa haraka. Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wako nje ya sheria hii kabisa. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo mwenye hoteli Nungwi asichukue hesabu za makala haya. Waziri mwenye dhamana ya kazi ana uwezo, chini ya kifungu cha 100, wa kumsamehe mwajiri au kundi la waajiri baadhi ya viwango, lakini huo ni msamaha wa maandishi unaoombwa na kutolewa, haupatikani kwa mazoea. Na ipo kazi ya dharura, ile isiyoweza kufanywa ndani ya saa za kawaida: bomba kuu limepasuka, jenereta ya wodi imezima. Hapo sheria inalegeza mipaka ya saa na mapumziko. Haikulegeza malipo ya saa za ziada. Fundi aliyekesha kwenye bomba anadai mara moja na nusu yake kama kawaida.

Tuje kwenye hesabu, maana huko ndiko fedha nyingi zaidi zinakopotea, mara nyingi bila mtu yeyote kukusudia kuiba.

Swali la kwanza ni mshahara upi. Sheria inasema mshahara wa msingi, yaani malipo ya kazi iliyofanyika katika saa za kawaida, bila posho za aina yoyote, bila malipo ya saa za ziada, bila nyongeza za usiku na sikukuu. Swali la pili ni jinsi ya kuupata mshahara wa saa moja kutoka mshahara wa mwezi. Jedwali la Kwanza la sheria limeshajibu: gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 mara saa unazofanya kwa kawaida kila wiki. Hiyo 4.333 haikuokotwa. Mwaka una wiki 52, ukigawa kwa miezi 12 unapata wiki nne na theluthi. Kwa anayefanya saa 45 kwa wiki, kigawanyo ni 195 kasoro kidogo. Kwa wa saa 40, ni 173 na ushee.

Lakini nenda ukaangalie jedwali la kompyuta katika ofisi nyingi. Utakuta 240, yaani siku 30 mara saa nane, kana kwamba mfanyakazi huja kazini hata Jumapili zote. Kwingine utakuta 208, siku 26 mara saa nane. Aliyeingiza namba hiyo alishahama miaka mingi, na kila aliyemfuata ameiheshimu kwa sababu ilikuwepo.

Tuifanyie kazi. Mpokea wageni wa hoteli Arusha ana mshahara wa msingi wa shilingi 585,000 na wiki ya saa 45. Gawa kwa 195: saa yake ni shilingi 3,000. Saa ya ziada ni 4,500. Akifanya kazi usiku, ambao kisheria ni kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, anaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, yaani 150. Kama saa hiyo ya usiku ni ya ziada pia, asilimia 5 inakokotolewa juu ya kiwango cha ziada: 225 juu ya 4,500, jumla 4,725. Akiitwa siku yake ya mapumziko ya wiki, kwa ridhaa yake, au siku ya sikukuu, iwe Iddi au Nanenane, saa inalipwa mara mbili: 6,000.

Mwezi uliopita tuseme alifanya saa 14 za ziada za mchana, saa 6 za ziada za usiku, na saa 8 siku ya sikukuu. Hiyo ni 63,000, na 28,350, na 48,000. Jumla shilingi 139,350. Mhasibu mwenye 240 kwenye jedwali lake atapata shilingi 113,222. Tofauti ni shilingi 26,128 kwa mwezi mmoja, kwa mtu mmoja, kwa sababu ya namba moja. Ni asilimia 18.75 ya haki yake, kila mwezi, na hoteli ile haina mpokea wageni mmoja. Nyongeza ya usiku yenyewe, kwa maoni yangu, ni ndogo mno. Shilingi 150 kwa saa haimfikishi mtu nyumbani kwa bajaji saa 8 usiku. Lakini ndicho kima cha chini, na mkataba wa hali bora unaweza kukipandisha. Chama chochote kinachokwenda mezani na mwajiri kingefanya vyema kuanzia hapo.

Wanaolipwa kwa kipande hawako nje. Mbangua korosho wa Mtwara anayelipwa kwa kilo, au mshonaji anayelipwa kwa idadi ya nguo, sheria inamchukulia kama anayelipwa kwa wiki, na mshahara wake wa msingi unapatikana kwa kutazama kipato chake cha wiki 13 zilizopita, au muda aliofanya kazi kama haujafika hapo. Kutoka wiki unashuka hadi saa, na kutoka saa unapanda hadi mara moja na nusu. "Yeye analipwa kwa kazi, si kwa muda" si jibu.

Kuna njia nyingine ya kupunguza haki hii, na hii haivunji sheria waziwazi, ndiyo maana inaniudhi zaidi. Kwa kuwa saa za ziada zinakokotolewa kwa mshahara wa msingi pekee, mwajiri anaweza kuupasua mshahara. Yule wa 585,000 anaandikiwa msingi wa 300,000, na 285,000 zinageuka posho ya nyumba, usafiri na chakula. Mkononi ni ileile, lakini saa yake imeshuka kutoka 3,000 hadi 1,538, na saa ya ziada kutoka 4,500 hadi 2,308 hivi. Hata kiinua mgongo kinapungua, kwa sababu nacho hukokotolewa kwa siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa utumishi, hadi miaka 10. Anayesaini mkataba mpya aangalie mstari wa mshahara wa msingi kabla ya kuangalia jumla, na aujadili huo kwanza.

Kulipa vizuri, hata hivyo, hakumaanishi kuruhusiwa kumfanyisha mtu kazi bila kikomo. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, ya mfanyakazi mwenyewe au ya mkataba wa hali bora, haziamriwi. Hazipaswi kuzidi 50 katika kila mzunguko wa wiki nne. Na siku moja, pamoja na ziada, haipaswi kuzidi saa 12.

Weka mipaka hiyo mbele ya lindo la kawaida la mlinzi wa geti. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Hiyo ni saa 72. Sheria inampa mapumziko ya saa moja baada ya saa tano za kazi mfululizo, lakini yuko peke yake getini. Hawezi kuondoka, anakula akiwa ameshika redio. Mfanyakazi akitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati wa mapumziko, saa hiyo inalipwa. Kwa hiyo 72 zote ni za kazi. Toa 45, zinabaki 27 za ziada kila wiki, 108 kwa wiki nne, dhidi ya kikomo cha 50. Hata angepatikana wa kumpokea kwa saa moja kila usiku, zingebaki 84. Ratiba yenyewe ni kosa, hata kama kampuni ingelipa kila senti, na kampuni nyingi hazilipi hata nusu. Nyongeza ya usiku kwa saa 10 za kila lindo ndiyo ya kwanza kusahaulika.

Njia halali ipo. Kwa makubaliano ya maandishi, sheria inaruhusu wiki iliyobanwa: hadi saa 12 kwa siku, pamoja na muda wa chakula, bila kuhesabu ziada ya siku, mradi wiki isizidi siku tano, saa za kawaida 45 na saa za ziada 10. Panga malindo matano ya saa 12, na mtu wa kumpokea mlinzi kwa saa moja ya chakula: unapata saa 55, yaani 45 za kawaida na 10 za kulipia ziada. Inaenea barabara, na kwa wiki nne ni saa 40, chini ya 50. Inahitaji walinzi zaidi, ndiyo. Breki niliyoitaja pale mwanzo iliwekwa kwa ajili hiyohiyo.

Madereva wa mabasi ya mikoani na wafanyakazi wa nyumbani wanastahili makala yao wenyewe. Kwa leo niseme tu kwamba anayeishi mahali pa kazi anaweza, kwa makubaliano ya maandishi, kupunguziwa mapumziko kati ya siku na siku kutoka saa 12 hadi nane. Hakuna panapoandikwa kwamba anaweza kupunguziwa hadi sifuri kwa sababu analala chumba cha jirani na jiko.

Kampuni zinazolipa mishahara pande zote mbili za mpaka zisichanganye vigezo. Kenya, kwa sekta zinazofuata amri ya jumla ya mishahara, wiki ya kawaida ni saa 52 katika siku sita, ziada ni mara moja na nusu siku za kazi na mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu, na saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Kigawanyo cha Namanga upande wa kule ni kosa upande wa huku, na kinyume chake.

Yote haya hayana maana kama saa hazikuandikwa. Daftari la mahudhurio la kusaini, au mashine ya alama za vidole, lirekodi muda wa kuingia na wa kutoka wa kila mtu, wakiwemo wale wa orodha ya pili, mpaka itakapohakikiwa. Usikubali daftari ambalo watu wote wameingia saa 2:00 kamili na kutoka saa 11:00 kamili mwezi mzima. Daftari la namna hiyo halimlindi mwajiri wala mfanyakazi. Kumbukumbu za ajira na malipo zinatunzwa kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Mwajiri akishindwa kutoa mahakamani mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Mfanyakazi naye asitegemee kumbukumbu ya kichwani. Aandike tarehe, saa na nani alimwagiza, siku ileile, na ahifadhi ujumbe wa simu unaomwita kazini.

Malipo ya ziada yapite kwenye orodha ya mishahara, yaonekane kwa mstari wake kwenye karatasi ya malipo: idadi ya saa, kiwango, jumla. Kuyatoa kwa bahasha kutoka fedha ndogo za ofisi, kwa jina la posho ya chai, ni kuyaficha yasikatwe kodi ya mapato ya ajira, na TRA wakija kukagua ni deni la mwajiri. "Ofu" za kufidia nazo zinahitaji uangalifu. Ni jambo jema kumpumzisha aliyechoka, lakini kifungu cha 19 kinazungumzia kulipa. Hakikutaja siku ya kupumzika kama mbadala wa fedha.

Mhasibu anayegundua kwamba orodha yake ya pili ina majina yasiyostahili, au kwamba jedwali lake lina 240, asingoje afisa kazi aje na amri ya utekelezaji. Achukue muundo wa uongozi wa kampuni, aweke jina la kila mtu na mstari wa anayemripotia, na abakize kwenye msamaha wale tu wanaotimiza masharti yote mawili. Kisha akokotoe malimbikizo kwa kigawanyo sahihi na kuyalipa katika mshahara unaofuata, kwa mstari unaojitegemea, pamoja na makato yake. Na mfanyakazi ambaye mazungumzo yameshindikana ajue kwamba madai ya aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Fomu inajazwa katika ofisi ya Tume ya eneo lako, nakala inapelekwa kwa mwajiri, na hatua ya kwanza ni usuluhishi. Siku hizo 60 zikipita, itabidi uombe kwanza kuongezewa muda kwa sababu za msingi, kabla hata hujasikilizwa kuhusu saa zako.